Msingi Niliokusingizia

Jakendu, mzee wangu,

Ni mimi Robi, yule Mkuria wako. Usishangae kuona barua. Najua ulipokuwa hai nilikuwa nakutumia meseji ya maneno matatu tu, "simiti imeisha mzee," na wewe hukuwa unajibu hata moja. Leo nina maneno mengi. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha tuliyogombania kazini miaka tisa. Kikuria hukujifunza ng'o, na Dholuo yangu mpaka leo ni ya kununulia nyanya.

Nyumbani kwako hapa Kendu Bay wako salama. Mke wako ameanza kucheka tena, na akicheka majirani wanajua. Tulipomaliza matanga aliniita jikoni akanipa mwiko wako, timazi yako na pima maji, akaniambia nisivifungie kwenye boksi kama vyombo vya wageni. Owino, kibarua wetu, bado anachanganya mchanga na simiti, bado anaimba vibaya. Bomba la maji limefika karibu na kanisa. Wewe ndiye pekee uliyesema halitafika, kwa hiyo hapo umeshindwa.

Nami nimebaki na kazi yetu. Si rahisi, mzee. Watu walisema, tena wengine walisema nikiwa nimesimama pale pale, kwamba mwanamke, tena Mkuria, bila Jakendu atarudi kwao Kehancha kupanda mahindi. Niliwajibu vibaya. Unanijua mdomo wangu. Lakini moyoni niliogopa, kwa sababu watu walikuwa wakikuita wewe, si mimi. Mimi nilikuwa nakuja nyuma nimebeba kamba.

Sasa sikia nililokufanyia. Nimekuja kukiri, kwa hiyo usinikatize kama kawaida yako.

Unamkumbuka Otieno, yule kijana anayefanya kazi Nairobi, ambaye ulimwahidi kumjengea simba yake, ile nyumba ya kijana kabla hajaoa, nyumbani kwao kabla ya Krismasi? Alinipigia simu akasema kama mimi ni fundi wako basi niendelee. Alitaka vyumba viwili vya mawe, bati la rangi na dirisha la kioo, kwa sababu kuna msichana anataka kumleta aone kwao. Nilifurahi mpaka nikakosa usingizi. Kazi yangu ya kwanza bila wewe! Nilijiambia, hii nitaimaliza haraka, na wale waliosema Kehancha watameza maneno yao.

Haraka ndiyo iliyonimaliza.

Otieno alinitumia mchoro kwenye simu. Ulikuwa na nyumba ya mama yake, geti, na kiboksi kimoja cha simba. Hakuchora ule mlimau mkubwa ulio upande mmoja, wala hakuchora boma la ng'ombe lililo upande wa pili. Geti alilichora juu ya karatasi na nyumba ya mama akaiweka chini. Mimi nilisimama getini, nikaangalia simu kana kwamba geti liko chini, na kila kitu kikahamia upande mwingine. Kiboksi kilichokuwa upande wa ng'ombe, mimi nikakiona upande wa mlimau. Pande zote mbili zilikuwa nyasi tupu, hakuna nyumba ya kunizindua.

Najua utakachosema. Ulinifundisha kwamba kwa Wajaluo hupigi kigingi cha kwanza kabla mama mwenye boma hajasimama mlangoni pake akakuonyesha kwa mkono. Hata kama una mchoro wa injinia, hata kama mwenye pesa yuko hapo na tai. Kila mtoto wa kiume ana upande wake, ulisema, na anayejua ni mama. Nilikuwa najua. Lakini mama alikuwa amevuka ziwa kwenda Mfangano kwenye matanga ya dada yake, lori la mchanga lilikuwa linapiga honi, na Owino alikuwa ananiuliza, "Tuchimbe wapi?" Nikamwonyesha kwa kidole. Sikumpigia mama wa watu hata simu.

Siku nne tulichimba, tukamwaga zege, tukapanga mawe kozi tatu, mstari juu ya mstari. Mzee, ulikuwa msingi mzuri. Ulinyooka. Nilikuwa nauzunguka na pima maji yako, kile kipovu kimetulia katikati, nikawa najisifu peke yangu.

Siku ya tano Min Otieno, yaani mama yake, akarudi. Aliingia getini begi bado kichwani, akasimama. Hakuweka begi chini. Aliangalia ule msingi muda mrefu kuliko mtu anavyoangalia msingi.

Akaniambia polepole kwamba hapo ni pa Okoth, kaka mkubwa. Okoth ana boma lake sasa huko Macalder, na simba yake ya udongo ilianguka na mvua zamani, lakini mahali pake ni pake. Otieno akilala hapo atakuwa amemsukuma kaka yake atoke kwao. Tena hao ndugu wawili walikuwa hawasalimiani miaka mitatu, wamepatana juzi tu. Alisema yote hayo bila kupandisha sauti, na mimi nilikuwa natamani apige kelele.

Halafu akaniuliza, "Ni Jakendu alikuonyesha hapa kabla hajafa?"

Mzee wangu, nilisema ndiyo.

Sikupanga. Mdomo huu uliokuwa ukiwajibu watu wote wa Kendu Bay ulitoa sauti moja tu, "Eeh," na ikatosha. Nilikuona umelala pale kwenu, huwezi kujibu, na nikaona mimi nina kazi moja tu maishani na inaponyoka. Min Otieno akatikisa kichwa. Akasema basi, mzee alikuwa mgonjwa, ugonjwa ulimchanganya. Akasema Jumapili itabidi aeleze kanisani, na ampigie Okoth amwambie asikasirike, ni Jakendu alisahau. Kisha akaniletea chai. Niliimwaga kwenye nyasi akiwa ameingia ndani, na hata hilo naona aibu kulisema.

Wewe hukusahau kitu chochote. Wewe uliyekuwa unajua kila msumari ulio kwenye kila paa kuanzia hapa mpaka Homa Bay mjini. Na mimi nilikufanya mzee aliyechanganyikiwa, ili Robi aonekane fundi.

Nikiwa narudi nyumbani nilikumbuka lile duka la Homa Bay, dirisha ulilolipiga chini mno kwa sababu siku hiyo ulikuwa unabishana na mimi habari za mpira. Mwenye duka alikuwa ameridhika. Alisifu, akaenda zake. Wewe ukachukua nyundo ukaanza kubomoa, huku unapiga mluzi wimbo wa kanisa kama mtu anayepalilia shamba lake. Nikakuuliza mbona, na mwenyewe hajaona? Ukasema, "Nimeona mimi. Sasa unataka nani mwingine aone?" Siku ile nilikukasirikia kwa sababu mawe niliyabeba mimi. Nilikuwa mjinga tu.

Na ile methali uliyokuwa ukiiharibu kila mara: usipoziba ufa utajenga ukuta, na mimi ndiye nitakayelipwa kuujenga. Nilicheka njiani peke yangu. Mwenye boda akageuka kuniangalia, akaniuliza kama niko sawa.

Asubuhi nikarudi kabla Owino hajafika. Min Otieno alikuwa anaanika omena, dagaa wa ziwani, mbele ya nyumba. Sikusalimia vizuri hata. Nilimwambia, "Mama, jana nilikudanganya. Jakendu hakunionyesha. Nilikosea mimi. Nilisoma mchoro vibaya, sikukungoja, na nikamtwika mtu aliyekufa kosa langu." Nilimwambia nitabomoa mwenyewe, na simiti nitakayoharibu nitanunua, na kama hataki nijenge tena nitaelewa.

Aliendelea kutandaza omena. Halafu akasema, "Nilijua."

Nikamuuliza alijuaje.

"Ile simba ya Okoth iliyoanguka, unafikiri nani aliijenga? Ni Jakendu. Alisimama hapa nilipo, nikamwonyesha kwa mkono huu. Angewezaje kumpa Otieno mahali alipomjengea Okoth?"

Jakendu! Kwa nini hukuniambia uliwahi kujenga pale? Miaka tisa ulinisimulia kila mbuzi aliyewahi kukufukuza, na hilo likakushinda?

Nikamuuliza mbona jana hakuniumbua. Akasema jana alikuwa ametoka kumzika dada yake, hakuwa na nguvu ya kugombana, na pia alitaka kuona Jakendu alituachia fundi wa namna gani. Alikuwa amenipa mpaka Jumapili. "Ungefika Jumapili kimya," akasema, "ningesimama kanisani niseme ukweli, na wewe ungeenda Kehancha kweli." Kumbe hata hayo maneno ya Kehancha yalimfikia. Halafu akaanza kucheka, mzee. Alicheka mpaka akakaa chini karibu na omena zake, na mimi nikakaa nikalia, kisha nikacheka naye. Sijui tulikuwa tunalia kwa ajili yako au ya dada yake. Vyote, nafikiri.

Tulibomoa siku hiyo hiyo. Nilidhani nitabomoa mimi na Owino, lakini Min Otieno alipiga simu moja tu, wakaja mama wa kanisa kumi na zaidi, na mabeseni. Waliyabeba mawe kutoka kwenye mlimau mpaka upande wa ng'ombe, wanaimba, wananitania kila nikipita. Mmoja aliniuliza kama Wakuria tunatembea kinyumenyume. Nikamjibu kwamba kwetu tunatembea mbele, ila maboma ya Wajaluo yana mageti mengi. Wakapiga vigelegele. Simiti ilikuwa changa, mawe yalitoka bila ubishi. Yaliyovunjika ni manane tu, na manane hayo niliyalipa.

Mchana akatokea Okoth na pikipiki kutoka Macalder, vumbi mpaka kwenye nyusi. Min Otieno alikuwa amemwambia ukweli wote. Nilijiandaa kutukanwa. Aliangalia mahali pake palipobaki na shimo, akaangalia wale mama wa kanisa wanavyobeba mawe, akavua shati akaingia kazini. Alipochoka alimpigia Otieno simu, akaweka sauti ya juu ili sote tusikie, akamwambia, "Ndugu yangu, fundi wako alitaka kunifukuza nyumbani, lakini mama amenitetea." Otieno akacheka huko Nairobi. Wale ndugu waliongea kwenye simu karibu saa nzima. Mama yao alijifanya anapanga mabeseni, lakini nilimwona anafuta macho na kanga.

Safari hii Min Otieno alisimama mlangoni pake akanyoosha mkono. Nikapiga kigingi pale pale. Akaniambia nisogee hatua mbili, nikasogea. Akaniambia nirudi moja, nikarudi. Sikubishana naye hata kidogo, na unajua hilo lilinigharimu.

Simba imeisha wiki iliyopita. Ina bati la bluu. Dirisha liko mahali pake, nimelipima mara tatu. Msichana wa Otieno alikuja, akalisifu dirisha kabla hajamsifu Otieno. Min Otieno ananisimulia kila mahali: kwenye chama, sokoni, kwa daktari wa meno. Anaanza na kosa, hataki kuliruka hata kidogo. Nilidhani kisa hicho kitanikimbizia wateja. Jana mama mmoja wa Oyugis amenipigia akasema anataka "yule fundi aliyejishtaki." Sijui nicheke au nikasirike. Nimekubali kazi.

Kabla sijaondoka, Min Otieno aliniambia yeye amenisamehe tangu asubuhi ile ya omena. "Lakini uliyemsingizia si mimi," akasema. "Mwambie mwenyewe." Ningekuja kaburini, ila mke wako anapalilia maua hapo kila siku, na angenisikia, na angecheka, na tusingemaliza. Kwa hiyo naandika. Nitampa aweke barua pale anapoona panafaa. Akiisoma, basi, ndiyo hivyo.

Nisamehe, mzee wangu. Ulinipa kazi, ukanipa jina lako niegemee, nami siku ya kwanza nikaligeuza pazia la kujifichia. Sitalifanya tena. Kukosea nitakosea, tusidanganyane, wewe mwenyewe ulipiga dirisha la duka kwenye magoti ya watu. Ila kosa likiwa langu litaitwa langu, hata kama mwenye kulibeba badala yangu amelala asiweze kujibu.

Pumzika, Jakendu. Oriti, kwa heri. Nakukosa sana kazini, hasa saa nne, saa ya chai, Owino anapoanza kuimba na hakuna wa kumnyamazisha.

Watu wakiuliza ni nani aliyekosea kwa kina Otieno, nawaambia ni mimi, Robi. Na wakiuliza ni nani aliyenifundisha kubomoa na kuanza tena, ndipo nalitaja jina lako.

Fundi wako,
Robi