Kopo la Mwisho la Mama

Saa saba na dakika kumi mchana. Baba ameonja mchuzi wangu wa bata mzinga, akaweka kijiko chini.

"Huu ni mkono wa mama yako."

Mwenzangu, Mama tulimzika mwezi wa tatu. Mchuzi nimepika mimi: mafuta ya bata yaliyochuruzika kwenye trei ya kuokea, unga, na supu ya mifupa niliyoikuta kwenye friza, ndani ya kopo lenye mwandiko wa Mama. Nilidhani imesahaulika. Kumbe Baba alikuwa akiitunza.

"Imebaki?"

"Nimeitia yote, Baba."

Kaka akatania: "Basi Mama kaja kula sikukuu."

Baba akarudia: "Yote?"

Kisha akainuka, akakwangua mchuzi kwenye sahani zetu, moja moja, akautia kwenye kopo lile. Amelirudisha kwenye friza.