Gauni la Nyanya Yako Limekwisha

Nekesa, rafiki yangu,

Gauni limekwisha. Nimelimaliza peke yangu hapa Kiplombe, kwa cherehani yako. Mama yako alisema nibaki nayo.

Unajua vile lilitusumbua. Wengine walituuliza kwa nini tujitese na nguo za zamani ambazo hakuna aliyetuagiza. Mfano wetu ulikuwa picha moja tu, nyanya yako akiwa msichana, amevaa gauni lenyewe, amesimama nje ya kanisa, na picha haionyeshi mgongo. Kitambaa kama kile hatukukipata Eldoret nzima. Tulichonunua kiliteleza, kikarudi kwa maji kikawa kifupi, tukaanza upya. Halafu ile mikono iliyofura mabegani. Kila tukiiunganisha inavuta kwapani. Mimi nataka kuachana nayo, wewe unasema, "Fumua, Wanjiru. Nyanya hangevaa hii."

Hata hospitalini uliniambia nikuletee mkono mmoja wa gauni. Sindano hukuweza kushika tena. Uliupapasa kwa vidole, ukafunga macho, ukasema, "Bado." Hukuniambia neno lingine tena.

Baada ya mazishi nililikunja nikaliweka mbali. Kisha binti yako Naliaka akaja, akaomba alivae kwenye ibada ya kukukumbuka. Nikafumua, nikashona, nikafumua. Mara nyingi niligeuka kukuuliza kitu, halafu nikakumbuka.

Lilimkaa vizuri. Ana mabega yako. Lakini alipoinua mikono kumkumbatia mama yako, kwapa likapasuka, na kanisa lote likasikia. Nilitazama chini kwa aibu. Mama yako akashika pale palipopasuka, akacheka. Hakuwa amecheka tangu uende.

"Hata ya mama yangu ilikuwa inapasukanga hapo hapo," akasema. "Kila Jumapili."

Kumbe tulikuwa tumepatia, Nekesa. Muda wote huo tulifumua kitu kilichokuwa sawa. Watu wakacheka pamoja naye. Mimi nilitoka nje nikalia, kwa sababu ni wewe tu ungejua uzito wa maneno yale, na hukuwepo kuyasikia.

Mama yako amezeeka ghafla. Kule kwake Moi's Bridge anapika chakula cha watu wawili, anakiangalia tu kikipoa. Naliaka na mimi tutakuwa tunaenda kula naye kila Jumapili baada ya kanisa. Hiyo ni ahadi yangu kwako.

Pumzika sasa, rafiki yangu. Mama hatakula peke yake.

Wanjiru