Mama Mkwe Kanywa Maji ya Choo

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla ndoa yangu haijaenda na maji. Mimi ni fundi wa friji, nina mke na mtoto mchanga, na tangu nilipotoka semina ya mazingira niliona tunaishi ovyo, nikaamua nyumbani tubadilike, na kweli tumebadilika, tunafua nepi za kitambaa kwa mkono, tunatenganisha taka, maganda tunayapeleka kwenye shimo la mbolea nyuma ya nyumba, maji ya kusuuzia vyombo tunayaweka kwenye ndoo ya kumwagia choo, na friji nimeizima kwa sababu mpira wa mlango umelegea inakula umeme, sasa juzi mama mkwe alikuja kumwona mjukuu, akaamka mapema, akakuta ndoo jikoni imefunikwa vizuri, akachota akapika chai, akanywa, akauliza, "Baba, haya majani mnanunua wapi? Yanatoa povu," na mimi badala ya kuomba radhi nikamwambia, "Mama, hayo yalikuwa ya choo." Mke wangu yuko kwa dada yake na mtoto, shemeji hanifungulii geti, na ujumbe niliopata kwa mke wangu ni mmoja tu: "Oa hiyo ndoo." Nifanyeje arudi?

Fundi Friji

Fundi,

Nimecheka kwanza, kisha nikamwonea huruma mama mkwe. Wewe subiri kwenye foleni.

Kwenye kuamua umeandika "nikaamua". Kwenye kufua, ghafla imekuwa "tunafua". Tunatenganisha, tunapeleka, tunaweka. Hebu niambie, hiyo "tu" ina mikono ya nani? Lini umesugua kinyesi cha mwanao kwenye kitambaa? Umemgeuza mkeo mashine ya kufulia isiyotumia umeme, halafu unashangaa imejichomoa ukutani.

Nepi za kitambaa nazitetea, shimo la mbolea nalitetea, hata hiyo ndoo naitetea mbele ya yeyote. Dunia inaharibika na nyumba zetu zimo katika kuiharibu. Ila wewe umechukua hotuba, mwenzako ukamwachia kazi. Na kilichonipandisha hasira hasa ni hiki: fundi wa friji mzima unamzimia friji mama anayenyonyesha, wakati mpira wa mlango ndio kazi unayowafanyia majirani! Huoni haya?

Basi sikiliza. Badilisha mpira leo, uwashe friji. Ndoo ihamie chooni. Mpigie mama mkwe, omba radhi, na ukijisikia kutaja mazingira, kata simu. Kisha nenda getini kwa shemeji useme, "Nimekuja kufua nepi." Hakuna shemeji atakayejinyima burudani hiyo. Fua, suuza, anika, na mdomo ufunge.

Mkeo asipokubali kurudi siku hiyo, nenda tena kesho yake. Mwanao hataacha kuchafua nepi eti kwa sababu nyie mmegombana.