Mama Yuko Macho

Ufukoni, Mtwara
4 Machi 2024

Mwanangu Claudia,

Pokea salamu za baba yako. Huku hatujambo, ukimwondoa yule unayetaka kumsikia. Nakuandikia kwenye simu kwa sababu tukipigiana tunalia wote wawili, na hakuna anayepata habari.

Tangu kiharusi kimwangushe mama yako pale jikoni, leo ndiyo kwanza amefumbua macho. Kwenye karatasi iliyo juu ya kitanda chake wameandika neno moja la Kiingereza: awake. Nesi Safina anasema maana yake yuko macho. Sasa mbona nikimwita haitiki? Ananitazama kama anavyotazama ukuta, na nadhani ukuta unapendelewa kidogo.

Wewe unayekaa kwenye dirisha la dawa huko Morogoro, niambie: neno hilo lina mama yako ndani, au halina? Ijumaa daktari anaamua. Kuna nafasi moja ya mazoezi ya viungo na ya kusema, nayo hupewa mgonjwa anayejitambua. Asiyejitambua anarudishwa nyumbani akalishwe uji.

Ni mimi baba yako

*

Morogoro
5 Machi 2024

Baba, shikamoo,

Mimi mzima wa mwili. Umekula lakini? Usinidanganye.

Awake ni mtu ambaye hajalala, basi. Hata kichanga cha leo wanakiandikia hivyo. Anayejua yuko wapi na anaongea na nani, wanamwandikia alert. Hilo ndilo tunalolingoja, baba.

Usigombane na manesi. Kaa na mama, msomee chochote, asikie sauti yako. Nimepewa ruhusa kuanzia Jumamosi. Sijui nakuja kumwona, au nakuja… nimeshindwa kumalizia.

Mwanao, Claudia

*

Ufukoni
7 Machi 2024

Marahaba mwanangu,

Nimekula, muulize mama lishe wa getini. Kumbe Waingereza wana neno la mlango kuwa wazi, na neno jingine la mwenye nyumba kuwemo. Sisi tunapiga hodi tu.

Leo Safina kampima. “Bibi, mumeo anaitwa nani?” Kimya. “Yule mzee pale, mtaje jina.” Kimya. Nikaingilia, samahani, sikugombana. Nikamwambia, “Binti yangu, huyu tangu nimuoe kule Kitaya hajawahi kunitaja jina. Nilikuwa ‘wewe’, tulipopata mtoto nikawa Baba Claudia. Kwa wanawake wa rika lake, kumtaja mume ni kumvua nguo sokoni.”

Safina akacheka. “Haya mzee, basi nimuulize nini?” Akamuuliza jina lake mwenyewe. Kimya vilevile. Hapo sikuwa na mila ya kumtetea.

Namsomea kamusi yangu, ile iliyoliwa na mende kuanzia Z. Herufi A imekwisha. Mgonjwa wa kitanda cha pili ameomba kuhamishwa.

Baba yako

*

Morogoro
8 Machi 2024, jioni

Baba, shikamoo,

Daktari kasemaje? Simu yako haipatikani. Nimefunga begi. Nimeweka kile kitenge cha kijani alichoninunulia mama, na kanga nyeusi pia. Mungu anisamehe, sijui nitashuka Mtwara nimevaa kipi.

Claudia wako

*

Ufukoni
9 Machi 2024

Marahaba mwanangu Claudia,

Simu iliisha chaji, nami sikutaka kutoka wodini hata kidogo.

Daktari alikuja jana asubuhi na Safina. Akauliza maswali yake, taratibu, kwa adabu kabisa. Mama yako kimya. Nikaona kalamu inatoka mfukoni. Mimi, kwa woga, nikaendelea kusoma. Nilikuwa nimefika kwenye blanketi, nasoma kwa sauti ya kanisani.

“Adelino.”

Nikadhani ni mtu wa mlangoni. Lilitoka upande mmoja wa mdomo, kama mtu mwenye muhogo wa moto kinywani.

“Adelino, nyamaza. Nataka kulala.”

Daktari akainama. “Bibi Odete, Adelino ni nani?” Mkono wake ule mzima ukanyanyuka, ukanionyesha kama mtu anayeonyesha mbuzi aliyeingia kwenye mchicha.

Daktari akaandika alert. Nafasi amepata, Jumatatu anaanza mazoezi. Wino haujakauka, mama yako kashalala, kwa hiyo kwa Kiingereza chenu hata awake hakuwa.

Miaka yote hiyo nimelingoja jina langu kwenye mdomo ule. Limekuja na “nyamaza” nyuma yake. Nimelipokea hivyohivyo.

Ila nilihofu, nisikufiche. Mke wangu hanitaji jina. Nikajiuliza, huyu aliyeamka ni nani?

Mchana akafumbua macho tena. Nikamwambia alichosema. Akageuza uso ukutani. Kisha nikasikia:

“Baba Claudia. Usimwambie mtoto.”

Kwa hiyo mimi sijakuambia kitu. Shuka umevaa kitenge cha kijani.

Baba yako,
Adelino