Turubai Hunyweshwa Kabla ya Mkasi

Kaloleni, Nairobi
Jumatatu, 2 Mei 1983

Kwako Baba yangu mpendwa, Mzee Owino,

Pokea salamu zangu kabla hujauliza kwa nini bahasha ni nene hivi. Mimi ni mzima, kaka Omolo ni mzima, na yule paka uliyetuachia pamoja na nyumba hii angali anakula kutushinda sote. Wasiwasi wetu ni juu yako na Mama. Magoti yanasemaje na mvua hizi? Na vidole? Mama bado anakukanda kwa maji ya moto, au umerudia ule ubishi wako kwamba mtu wa Relwe hakandwi kama mtoto? Mwambie ile omena aliyotuma ilifika kavu kabisa na haikumaliza wiki.

Nakuandikia kwa Kiswahili, lugha uliyoitumia kazini miaka ishirini na minane, kwa sababu habari zangu nyingi ni za kazi. Iko moja ambayo si ya kazi, na hiyo nimeiweka mwisho. Usiruke kurasa, Baba. Nakujua.

Ulipata habari kwamba nilichukuliwa katika karakana ya Mzee Ndung'u huko Gikomba, wanakoshona viti vya magari. Ulisema afadhali hiyo kuliko kukaa bure. Miaka miwili kazi yangu ilikuwa kujaza sponji kwenye mito, kung'oa misumari ya viti vikuukuu na kuchemsha chai. Pale kwetu mwenye chaki ndiye fundi. Yeye ndiye anayechora juu ya kitambaa, na wengine wote hukata na kushona alipopitisha mkono. Chaki ilikuwa ya Ngigi. Aliiweka nyuma ya sikio kutwa kucha, na nadhani hata kanisani alikwenda nayo. Ngigi ni fundi kweli, sitamsingizia. Mpe reksini, ile ngozi ya bandia ya viti vya matatu, naye atakutolea kiti ambacho hata wewe ungekaa bila kununa. Lakini reksini ni reksini, na wewe ulinifundisha, ingawa hukujua unanifundisha, kwamba turubai ni kitu kingine.

Sasa sikia. Mwezi uliopita alikuja Bwana Kabiru, mwenye duka la vyuma, anayekaa Buruburu. Amenunua gari kuukuu la wazungu, rangi yake damu ya mzee, lile la paa la turubai linalokunjwa hadi nyuma, mkabaki mnapigwa na upepo kama mmekaa juu ya behewa la mchanga. Alitaka kumpeleka nalo binti yake Lydiah kanisani siku ya harusi, paa likiwa limekunjwa, ili Jogoo Road nzima imwone. Shida ni kwamba paa hilo likikunjwa hulala nyuma ya kiti kama furushi la nguo chafu, mbavu za chuma zimechomoza huku na huku, na vumbi na maji huingia katika kila kunjo. Kwa hiyo gari la namna hiyo huvalishwa kifuniko juu ya lile furushi, kikazunguka nyuma ya kiti na kubanwa kwa vifungo vya chuma vilivyopigiliwa kwenye mwili wa gari. Kikikaa vizuri, gari huonekana limechana nywele. Cha Bwana Kabiru kilikuwa kimeoza, akataka kipya. Turubai alikuja nalo mwenyewe, rangi ya maziwa, akakataa reksini katakata kwa sababu jua huipasua.

Ngigi alikunja paa, akapima, akachora, akakata. Nilikuwa nimeshika birika la chai, Baba, na maneno yakanitoka. Nilimwambia turubai hunyweshwa kabla ya mkasi, yaani liloweshwe kwanza, likauke, ndipo lipimwe. Karakana nzima ilicheka. Ngigi akaniuliza, "Wewe dada, hapa ni kwa fundi ama kwa dobi?" Nikaweka birika chini nikaondoka. Kile kifuniko kilipomalizika Jumanne kilikaa sawasawa, kimekazwa kama ngozi ya ngoma, hata mimi nikakisifu. Bwana Kabiru akaondoka nalo gari akipiga honi.

Alasiri hiyo hiyo mvua ilinyesha. Jumatano asubuhi gari lilirudi bila honi. Kifuniko kilikuwa kimerudi ndani vidole viwili, na vifungo vya upande wa kulia havikufika vilipotakiwa kufika. Bwana Kabiru alijaribu kuvuta kwa nguvu, kimoja kikang'oka na kipande cha turubai. Alisema maneno ambayo sitayaandika kwa sababu Mama ndiye atakayeisoma barua hii mara ya pili. Harusi ilikuwa Jumamosi. Turubai lililobaki lilitosha kifuniko kimoja tu, si zaidi hata kwa shibiri moja.

Ngigi aliishika ile chaki akaitazama, na kwa mara ya kwanza nikamwona hajui aiweke wapi. Hapo ndipo nilipomwambia Mzee Ndung'u kwamba nitakishona mimi. Aliniuliza nimejifunzia wapi. Nikasema nilizaliwa katika nyumba ya turubai. Akafikiri, akatazama gari, akamtazama Bwana Kabiru aliyekuwa bado anafoka, kisha akasema haya, lakini nikiharibu kipande kile cha mwisho, nisirudi karakana Jumatatu, kwa kuwa itabidi amwambie mteja kwamba aliyeharibu amefukuzwa. Aliyasema bila ukali. Nilikubali.

Nililibeba turubai kichwani hadi hapa nyumbani na kulilowesha katika beseni ya kuogea. Kwa kuwa jua lilikuwa limegoma, nililitandaza kwenye kamba ndani, nikawasha majiko mawili kwa mbali, na Omolo alikula chakula chake ameinama chini yake siku nzima bila kunung'unika. Majirani walipita wakiuliza ni hema la kanisa gani. Niliwaambia ni nepi ya gari. Alhamisi lilikuwa limekauka, nikalinyoosha kwa pasi ya makaa, nikalipima na kulinganisha na kipimo nilichochukua kabla ya kulilowesha. Lilikuwa limepungua vidole viwili kasoro kidogo. Nilicheka peke yangu, Baba, nikakutaja jina.

Kosa la pili niliwaonyesha pale karakana. Wao walikuwa wamelikunja paa bila kuweka blanketi katikati, na dirisha la nyuma la gari hilo ni la plastiki, likisuguana na chuma linakuwa kama macho ya mzee mwenye mtoto wa jicho. Nikaweka blanketi, furushi likanenepa, ndipo nikapima. Mzee Ndung'u alimwambia Ngigi anipe chaki. Aliitoa nyuma ya sikio akanipa, nami kwa ile haraka nikaipokea kwa mkono wa kushoto. Nilijua ungenikemea. Yeye alinitazama, akaniacha.

Upindo wa ukingoni ulikuwa na tabaka nne, na cherehani ilikataa. Nikaushona kwa mkono, kwa ile sindano yako ya kupinda niliyokuomba mwaka juzi nikakudanganya kwamba ni ya kushonea magunia, kwa uzi uliopakwa nta. Ijumaa saa tisa nilibana kifungo cha mwisho. Kisha mbele ya wote nikachukua ndoo ya maji nikakimwagia kifuniko chote. Mzee Ndung'u alipiga ukelele kama amechomwa moto. Tukangoja hadi jioni. Nikafungua vifungo vyote kumi na sita, nikavifunga tena vyote kumi na sita kwa kidole gumba tu. Ngigi mwenyewe alivirudia kimoja kimoja. Halafu akaenda akachemsha chai, akaniletea kikombe cha kwanza.

Jumamosi nilikwenda kusimama kando ya Jogoo Road kama watu wengine. Lydiah alikuwa amekaa juu kabisa, shela yake inapepea, na nyuma yake kazi yangu imelala laini bila kunjo hata moja. Manyunyu yakaanza. Walimsihi wakunjue paa wamfunike, akakataa, akasema amengoja siku hii mno kujificha, na msimamizi wake akamshikia mwavuli hadi ukumbini kwetu Kaloleni. Pale Bwana Kabiru alifungua kifuniko kikiwa kimelowa, akatia mkono ndani ya paa, akautoa mkavu, akawaonyesha wageni ule mkono kama mtu aliyepata muujiza. Kisha akavifunga vifungo na vyote vikaingia. Mzee Ndung'u, aliyekuwa amealikwa, alinishika bega akawaambia watu kwamba fundi wake ndiye huyu. Baba, nilijivuna. Nilijivuna hadi nikasahau kula, na wewe unajua mimi na pilau ya harusi. Tangu leo asubuhi chaki ni mbili pale karakana, na moja ni yangu.

Ningeishia hapo. Lakini mtunza ukumbi siku hizi ni Mzee Munyoki, yule mliyekuwa mkishona naye maturubai ya mabehewa. Alilizunguka gari, akapapasa upindo hadi mwisho wake, akakuta ile mishono mitatu ya kurudi nyuma unayomalizia wewe peke yako. Akasema kwa sauti kwamba huu ni mkono wa Owino. Kisha akavaa miwani, akainama tena. Akasema mishono hii imeegemea kushoto, na Owino hatumii mkono wa kushoto. Akasema amewahi kuona mshono wa namna hii mara moja tu maishani, kwenye turubai la kiberenge cha mkaguzi, kile kigari kidogo cha relini. Nilikuwa nimeshika kikombe kwa mkono wa kushoto. Akautazama mkono huo, kisha akaniuliza polepole kama baba yangu anajua.

Hujui, Baba, na ndiyo sababu ya barua hii.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Vidole vyako vilikuwa vimevimba, na turubai la kile kiberenge lilitakiwa kesho yake asubuhi. Ulikuwa umebakisha upindo. Ukamwambia Omolo aumalize, ukaenda kulala kwa homa. Omolo aliniachia sindano akaenda uwanjani kucheza mpira. Nami niliketi sakafuni nikaushona wote, toka pembe hadi pembe, kwa mkono ule uliokuwa ukiufunga kitambaa wakati wa chakula ili nizoee wa kulia. Nilimalizia kwa mishono mitatu ya kurudi, kwa kuwa nilikuona ukifanya hivyo tangu nikiwa mgongoni kwa Mama. Omolo aliporudi alitaka kusema ukweli. Mimi ndiye niliyemwapisha asiseme, kwa kuogopa kitambaa, na kwa kuwa sindano ulikuwa umenikataza. Uongo ule ni wangu.

Asubuhi ulipapasa ule upindo ukatokwa na machozi. Ukawaita majirani ukawaambia Omolo ana mkono wako. Nilikuwa mlangoni nimebeba vikombe. Nilifurahi, Baba, na iliniuma, yote mawili kwa pamoja, na imeniuma miaka kumi na miwili. Mkaguzi akamchukua Omolo karakana ya Relwe kwa ajili ya mshono ule, nawe ukashangaa mbona baada ya mwaka wakamhamishia afisini kuhesabu mabehewa. Sasa umejua.

Ulipostaafu walikupa lile turubai la kiberenge, na leo linafunika baiskeli yako, na kila mgeni anayekuja huonyeshwa kazi ya mwanao. Nakuomba jambo moja tu. Ukimaliza kusoma, toka nje, geuza upindo wa pembe iliyo karibu na kiti cha baiskeli, utazame mishono mitatu ya mwisho inaegemea wapi. Halafu ukitaka kukasirika, kasirika. Hasira yako nitaipokea kwa mikono miwili. Lakini mgeni wa kesho umwambie ukweli, kwamba ni kazi ya mwanao yule yule uliyemkataza sindano, na kwamba huku Nairobi sasa anashika chaki.

Msalimie Mama sana, umwambie asilie kabla ya kucheka. Wasalimie jirani zetu wote na ndugu wote wa kule ng'ambo ya mto. Mungu akulinde magoti, vidole na ubishi wako. Nitakuja mwezi wa nane, na nitakuletea kiti kipya cha baiskeli, nimekishona mwenyewe.

Ni mimi binti yako,
Fundi Benta Apondi

Baba, hapa ni Omolo naandika. Yote uliyosoma ni kweli. Siku ile nilikuwa uwanjani, na tulifungwa mabao manne.