Rangi Chini ya Bolti

Tunduma, Jumamosi

Kumbe betri ilikuwa nzima. Nimeilaani wiki nzima bure.

Leo, ndugu zetu wa Nakonde walipoondoka msibani, nilifungua waya wa ethi unaotoka kwenye betri kwenda kwenye bodi ya gari letu kuukuu. Chini ya bolti kulikuwa na rangi ya buluu, ile niliyoipaka mwenyewe kuzuia kutu. Baba aliisifu sana. Umeme haupiti kwenye rangi, na mimi ndiye fundi.

Nikaikwangua kwa kisu, nikakaza bolti. Gari likawaka mara moja.

Mama akatoka jikoni. "Limewaka?"

"Limewaka, mama."

Akaniuliza taratibu kwa nini halikuwaka Jumatatu, baba akiwa amelazwa kiti cha nyuma, bado anapumua.

Nikamjibu ni betri.