Mama, Kesho Naenda Mwamgongo

Mama,

Bibi anasema niache kukuandikia, nikuombee tu. Naomba. Ila kwenye maombi huwa sijui pa kuanzia, na wewe ulishazoea mtoto asiyesema kitu mezani, kisha anakutumia meseji ndefu kutoka chumbani. Nilikuwa nakusikia ukicheka sebuleni. Basi chukulia hii ni meseji.

Shirika lako la kuwasaidia wajane halijafungwa. Anko Festo ndiye mratibu sasa. Mikutano yote ameihamishia ofisini Mwanga, huku mjini, kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi, na chai ipo. Wanawake wa vijiji vya ziwani hawaji. Alipokuja kuchukua kompyuta yako alimlalamikia Bibi: "Wamama wamepoa tangu dada afariki. Hawana mwamko." Mimi nilikuwa namenya ndizi. Nikasema, bila kumwangalia, "Anko, Mama alikuwa anapanga mikutano kwa mbalamwezi."

Unajua alichojibu? "Kwa hiyo tuite watu kwa unajimu?" Akacheka. Bibi naye akacheka kidogo, kwa adabu. Nikarudi kwenye ndizi.

Nilitaka kumweleza. Kwamba mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawafuati taa, wavuvi hawatoki, na ndipo wanawake wanapata nafasi ya kukaa kitako. Giza likirudi, dagaa wanaletwa alfajiri, na wasipoanikwa na kugeuzwa siku hiyohiyo wanaharibika. Nani aache dagaa mchangani aje kunywa chai Mwanga? Maneno yote nilikuwa nayo, ya Kiswahili na ya Kiingereza cha shule. Najua kunyamaza kwa lugha zote mbili, Mama.

Sasa Mama Eliza. Yule mjane wa Mwamgongo ambaye mashemeji wanataka kumtoa kwenye nyumba aliyojenga na mumewe. Shauri lake kwenye baraza la kata lilipangwa siku za giza. Ungekuwepo ungeomba tarehe isogezwe. Anko Festo hakujua. Mashahidi, majirani zake wote, walikuwa ufukweni wanaanika. Mashemeji wakaja ukoo mzima. Mmoja akamwambia mbele za watu, "Mama yenu wa mjini ameshazikwa. Haya, leo ongea." Anko Festo akasimama amsemee, akakosea hadi jina la marehemu mumewe. Baraza zima likacheka. Mama Eliza akalia, hakuweza kusema. Wazee wakaahirisha, lakini wamesema safari ijayo ndiyo ya mwisho.

Safari ijayo ni keshokutwa. Kwa bahati tu, mwezi ni mpevu, mashahidi watakuwepo. Juzi Mama Eliza alipiga kwenye simu yako, ambayo bado naichaji, sijui kwa nini. Akaniambia, "Mwanangu, watu ninao. Ila ubavuni pangu ni wazi. Mama yako alikuwa anakaa pale, goti kwa goti, hasemi kitu, na mimi naongea. Njoo ukae wewe."

Niseme ukweli? Nilikasirika. Msibani wanawake wale walikaa karibu na jeneza kuliko mimi, wanalia "mama yetu, mama yetu", nami nimesimama mlangoni kama mgeni. Kila mwezi ulipojaa nilipelekwa kulala kwa Bibi, Ujiji, kwa sababu wewe uko kwao. Niliichukia mbalamwezi kabla sijajua ina kazi gani kwako. Na sasa hata nafasi yako wanataka niijaze mimi, ambaye kujibu "Marahaba" kwa watoto wa jirani tu kunanitoa jasho.

Nimemwambia ndiyo. Boti inaondoka kesho kutoka Kibirizi, Bibi ameshaniwekea sweta.

Naogopa. Si kuongea, maana sitaongea. Naogopa nyumba ikienda, na mimi nimekaa pale namtazama usoni. Wewe uliwezaje? Ulikuwa unarudi, unavua viatu, unauliza kama nimekula. Hukuniambia hata siku moja kwamba kuna waliopoteza nyumba zao.

Siwezi kukuahidi kuwa nitaifanya kazi yako. Nakuahidi hili: sitamsemea, na sitainuka ubavuni pake mpaka baraza lifungwe, liamue liamuavyo. Nikirudi nitamweleza Anko Festo tena habari za mwezi, hata akicheka.

Pumzika, Mama. Wamama wako bado sijawasamehe. Naenda hivyohivyo.

Mwanao,
Neema